Kujiajiri kwenye otomatiki ya viwanda vidogo: mwongozo kwa fundi anayeanza na begi moja

Msimu wa alizeti ukichanganya, kinu kikisimama saa nne asubuhi mwenye kinu haulizi PLC yake, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, ni ya kampuni gani. Anatazama magunia yaliyopangwa hadi barazani, anatazama wakulima waliokaa kivulini wakisubiri, halafu anashika simu. Mara nyingi anayempigia yuko Dar es Salaam. Atafika kesho kutwa, na kabla hajagusa bisibisi atakuwa ameshalipiwa nauli, gesti na posho. Fundi umeme wa mtaani anaiogopa paneli yenye skrini, na kampuni kubwa haina haraka na kinu cha mtu mmoja. Hapo katikati ndipo ilipo riziki ya fundi anayejitegemea.

Nilifanya matengenezo ya umeme kwa miaka minane katika kiwanda cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere kabla ya kutoka na kuanza kazi zangu. Naandika kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo, na nawalenga mafundi wenye cheti cha VETA au diploma ya DIT au Chuo cha Ufundi Arusha, ambao tayari wameshashika mota na kontakta (swichi inayovutwa na koili kuwasha mota) na wanaweza kusoma mchoro wa stari-delta bila kuuliza. Kama bado hujafika hapo, baki kazini mwaka mmoja zaidi. Kiwanda cha mtu mwingine ni shule inayokulipa.

Hatua ya 1: Chagua aina moja ya mtambo, kisha utembee

Neno otomatiki ni pana mno kuwa biashara. Fundi anayesema "nafanya otomatiki yote" hakumbukwi na mtu, lakini fundi anayejulikana kwa vinu vya alizeti anakumbukwa Singida nzima. Angalia ulipo. Singida na Dodoma ni alizeti. Mbarali na Kahama ni mashine za kukoboa mpunga. Kibaha na Mkuranga kuna viwanda vya kila aina, vingine vikiwa na laini moja tu ya uzalishaji. Mikoa yote ina visima na matangi ya maji: hoteli, shule za bweni, hospitali, na vyombo vya maji vya jamii vilivyo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Pampu ya kisima inayojizima maji yakipungua na kujiwasha tangi likishuka ni otomatiki kamili, na ni kazi nzuri sana ya kuanzia.

Ukishachagua, tumia wiki mbili kutembelea wenye mitambo hiyo ukiwa na daftari. Usiende na brosha. Andika nguvu ya kila mota, inavyowashwa, ovaloudi (kinga inayokata mota ikizidiwa) imewekwa kwenye namba gani ukilinganisha na kibati cha mota, kama kuna jenereta, na zaidi ya yote, kitu gani husimamisha kazi. Kuna mzee mmoja niliyemkuta amekaa kwenye benchi mlangoni mwa kinu chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu mzee. Nimekuja kuuliza tu, mashine zako zikisimama huwa zinasimamishwa na nini?"

Akanitazama kidogo, kisha akasogea nikae. "Umeme, mwanangu. Unakuja fezi mbili. Mota inanguruma tu, dakika mbili unasikia harufu. Mwaka huu nimeshasukisha mota mbili."

Mota mbili kusukwa upya, na siku ambazo kinu kililala, wakati rilei ya kulinda fezi, inayohisi moja kati ya fezi tatu ikikosekana, ingetosha kuikata mota ndani ya sekunde chache. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya kwanza: nikafunga rilei hizo kwenye vinu vinne vya mtaa ule. Rilei hiyo hiyo hugundua fezi zilizogeuka mpangilio, jambo linalotokea mara kwa mara mtu akibadilisha kutoka TANESCO kwenda kwenye jenereta iliyofungwa ovyo, na mota zote zinaanza kuzunguka kinyume. Tafuta kazi ya namna hii mwanzoni: ndogo, yenye bei inayolipika, na ambayo mteja anaiona ikifanya kazi mara ya kwanza umeme unapochezacheza. Fezi itakapokatika na mota ikabaki salama, atampigia jirani yake simu wewe ukiwa umelala.

Hatua ya 2: Karatasi, kwa mpangilio wake

Anza na kitambulisho cha NIDA, maana bila hicho hakuna kinachosogea. Chukua TIN ya biashara TRA. Sajili jina la biashara BRELA kwa mtandao. Kumbuka kwamba jina la biashara si kampuni: likidaiwa, unadaiwa wewe na mali zako. Kwa kuanzia linatosha, lakini siku utakapoanza kusaini kazi kubwa, sajili kampuni.

Halafu nenda kwa afisa biashara wa halmashauri upate leseni. Hapo utaombwa mkataba wa pango na hati ya TRA inayoonyesha umekadiriwa na kulipa kodi. Jiandae kwa jambo moja linalowakwaza wengi: mpangaji wa biashara ndiye anayetakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka TRA, na wenye nyumba wengi hawapendi kusikia hivyo. Lizungumzeni kabla ya kusaini mkataba, isije ikawa unalipa wewe juu ya kodi ya pango.

Leseni ya ufungaji umeme hutolewa na EWURA kwa madaraja, kulingana na elimu na uzoefu wako. Usiifanye ya mwisho. Paneli ni umeme, na moto ukitokea kwenye kinu swali la kwanza litakuwa ni nani aliyefunga na ana leseni gani. Nawajua mafundi wazuri waliokosa kazi za hospitali na shule kwa sababu tu hawakuwa na karatasi hiyo. Ukitaka zabuni za serikali utajisajili NeST, na kwa kazi za kikandarasi utahitaji usajili wa CRB, bodi ya makandarasi. Hayo yanaweza kusubiri mwaka wa pili. Ukiajiri hata mtu mmoja, NSSF, WCF (fidia kwa wafanyakazi) na OSHA (usalama kazini) zinaingia mezani siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Begi la vifaa

Usikope ili ununue vifaa vya kujaza gari. Nilianza na kompyuta mpakato iliyotumika, waya wa USB kwenda RS-485 wa kuongea na PLC, multimita nzuri ya daraja la CAT III, klampmita, megga ya volti 500 ya kupima insulesheni ya mota, testa, seti ya bisibisi zilizofunikwa kuzuia umeme, koleo la kubana feruli, na kifaa kidogo cha kutoa miliampia 4 hadi 20. Hicho cha mwisho wengi hukiruka, lakini ndicho kinachokuwezesha kujua ndani ya dakika tano kama mbovu ni sensa, waya au PLC.

Ongeza kufuli lako binafsi na kibao cha "Fundi yuko kazini, usiwashe". Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha wiki.

Vipuri tutavinunua Kariakoo, hakuna anayekwepa hilo, ila kuna mambo ya kuangalia. Kontakta ina namba mbili za ampia. Ile ya AC-1 ni ya mzigo mwepesi kama hita, ile ya AC-3 ni ya mota. Kontakta ile ile inaweza kuwa ampia 32 kwa AC-1 na 18 tu kwa AC-3, na muuzaji atakusomea ile kubwa. Ukiifunga kwenye mota ya ampia 28 itafanya kazi vizuri wiki chache, kisha kontakti zitagandana na mota haitazimika hata ubonyeze nini. Breka, kontakta na ovaloudi nunua kwa wakala anayetoa risiti na dhamana, hata kama ni ghali. Boksi la paneli, trei za nyaya na glandi nunua popote panapokupendeza.

Hatua ya 4: Ifanye ifanye kazi mezani kwanza

Lugha ya ngazi inayotumika kwenye PLC ilitokana na michoro ya rilei, kwa hiyo fundi anayejua kuchora saketi ya kontakta tayari ameshafika nusu ya safari. Programu za kujifunzia zinapatikana bila malipo: CODESYS ni bure, WPLSoft ya Delta ni bure, na ya Schneider kwa PLC zake ndogo za M221 pia ni bure. TIA Portal ya Siemens ina majaribio ya siku 21. Usijifunze zote. Chagua chapa moja ambayo vipuri vyake unaweza kuvipata mjini kwenu siku hiyo hiyo, uijue mpaka ndani, kisha ongeza ya pili mteja akikulazimisha.

Jenga ubao wa mazoezi nyumbani: PLC ndogo, pawasaplai ya volti 24, invata ndogo (kifaa cha kubadili mwendo wa mota), mota ya nguvu ya farasi nusu, vitufe vinne na taa tatu. Kila programu unayompelekea mteja ianze kupita kwenye ubao huo. Chomoa waya wa sensa makusudi uone programu inafanya nini. Zima umeme katikati ya kazi, uwashe tena, uone mota gani inaanza yenyewe bila kubonyezwa. Kama ipo, hiyo ndiyo itakayomkata mtu vidole, na ni heri umeigundua sebuleni.

Hatua ya 5: Kazi yako ya kwanza ya kweli

Nitaeleza kazi moja kwa undani kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu utakachokutana nacho.

Kinu kilikuwa na ekspela, mashine ya kukamua mafuta, yenye mota ya kilowati 30, na juu yake skrubu ya kulishia alizeti yenye mota ya kilowati moja na nusu. Alizeti ikija na unyevu, ekspela ilikuwa inakabwa. Ovaloudi inaruka, ekspela inasimama, lakini skrubu inaendelea kumwaga alizeti juu yake. Mpaka mtu akimbie kuizima, hopa imejaa, na mashudu yaliyobaki ndani yakishapoa yanakuwa magumu kama saruji. Vijana wawili walikuwa wanakaa saa nzima na nusu wakichokonoa kwa nondo, mara nne au tano kwa wiki.

Mwenye kinu alikuwa ameshapewa bei ya paneli mpya yenye skrini. Niliposoma mchoro, au tuseme nilipouchora maana haukuwepo, nikaona skrubu na ekspela hazijuani kabisa. Nikachukua waya mmoja, nikapitisha umeme wa koili ya kontakta ya skrubu kwenye kontakti saidizi ya kontakta ya ekspela. Ekspela ikianguka, skrubu inaanguka nayo. Kazi ya nusu saa. Nilimtoza hela ya siku moja na nikamwambia ukweli kwamba hilo linaondoa nusu ya tatizo.

Sitaki ulione hilo kama hasara ya mauzo. Kama ningemfungia PLC bila kufunga ule waya, ningekuwa nimemuuzia kitu cha gharama kinachofanya kazi ya waya. Baada ya wiki tatu alinipigia mwenyewe: "Fundi, njoo tumalize ile nusu nyingine."

Nusu nyingine ilikuwa kuzuia ekspela isikabwe kabisa. Mota ya kilowati 30 kwenye volti 400 inakula karibu ampia 55 ikiwa kazini kikamilifu. Nikaweka kipima mkondo cha ampia 0 hadi 100 chenye kutoa miliampia 4 hadi 20, kikaingia kwenye PLC ndogo, na PLC ikaongoza invata ya mota ya skrubu. Ekspela ikiwa chini ya ampia 48, skrubu inalisha kwa hezi 45. Ikizidi hapo skrubu inapunguza mwendo taratibu. Ikipita 55 kwa sekunde tatu, skrubu inasimama lakini ekspela inaendelea kuzunguka ili ijisafishe yenyewe. Mkondo ukishuka hadi 35, skrubu inaanza tena polepole.

Kwa nini 4 hadi 20 na si 0 hadi 20? Kwa sababu waya ukikatika PLC itasoma 0, na 0 haiwezi kuchanganywa na "ekspela imesimama", ambayo ni 4. Andika kwenye programu kwamba chini ya 3.6 ni hitilafu na skrubu isimame. Fundi asiyeweka mstari huo atakuja kulisha ekspela iliyokabwa siku panya atakapokula waya. Kwenye kinu panya wapo.

Nilikosea jambo moja, na lilinigharimu usiku mzima. Nilipitisha waya wa sensa kwenye trei moja na nyaya zinazotoka kwenye invata kwenda kwenye mota ya skrubu, kwa sababu trei ilikuwepo na nilikuwa na haraka. Tulipowasha, ekspela ikiwa haijaanza kabisa, skrini ilisoma ampia 9, kisha 22, kisha 4. Nikabadilisha sensa. Nikabadilisha ingizo la PLC. Saa nane usiku nikazima invata peke yake, namba ikatulia kwenye sifuri, nikaelewa. Invata hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na nyaya zake za mota hupiga kelele ambayo huisikii lakini waya wa sensa unaisikia. Asubuhi nikavuta waya wenye ngao kwa njia yake peke yake, mbali na nyaya za mota, ngao nikaifunga ardhi upande wa paneli tu, na pale ambapo lazima nyaya zikutane nikazivusha kama msalaba. Namba haikucheza tena. Tangu siku hiyo trei mbili ni mstari kwenye profoma zangu, na mteja akitaka niuondoe, siichukui kazi hiyo.

Mambo mengine matatu ya kazi hii hayana mjadala. Kitufe cha dharura kikate umeme wa koili moja kwa moja kwa waya, si kwa kupitia programu peke yake, na kiwe cha kontakti iliyofungika, ili waya ukikatika mashine isimame. Mashine zilizopangana zianze kutoka mwisho kuja mwanzo, na zizimike kutoka mwanzo kwenda mwisho, ili mzigo usipate pa kurundikana. Na kabla ya kuingiza mkono kwenye paneli, zima, weka kufuli lako, ufunguo mfukoni, kisha pima kwa testa: kwanza sehemu unayojua ina umeme, halafu unapotaka kushika, halafu tena ile ya kwanza, kuhakikisha testa haikufa katikati. Kwenye invata subiri angalau dakika tano baada ya kuzima, au zaidi kama kitabu chake kinasema, kwa sababu kapasita zake zinabaki na umeme wa kuua.

Hatua ya 6: Bei

Hapa ndipo mafundi wazuri wanapokufa njaa. Usianze kwa kuuliza wenzako wanatoza ngapi. Anza na unachohitaji. Mfano: nyumbani 900,000 kwa mwezi, usafiri 250,000, kubadilisha vifaa 150,000, pango la karakana 150,000, simu na bando 60,000, kodi na leseni za kuweka pembeni 200,000, na dharura 190,000. Jumla ni 1,900,000. Sasa hesabu siku unazolipwa kweli. Si 26. Kuna siku za kufuata vipuri, kuandika profoma, kufuatilia madeni, kukaa foleni za ofisi. Ukipata 12 umefanya vizuri. Gawa: karibu 158,000 kwa siku. Ukitoza 60,000 kwa sababu jirani anatoza 60,000, unakula vifaa vyako taratibu bila kujua, na siku multimita ikifa huna ya kununua nyingine.

Kwenye profoma tenganisha vifaa, ufundi, programu na safari. Ukificha ufundi wako ndani ya bei ya invata, mteja atapiga simu Kariakoo, ataambiwa bei ya duka, na atakuona mwizi. Ukiandika bei ya duka wazi na ufundi wazi, mnajadiliana ufundi tu, na hapo una la kusema: mwombe ahesabu mwenyewe saa alizopoteza mwezi uliopita na magunia yaliyoenda kwa jirani. Usimhesabie wewe. Namba aliyoitaja kwa mdomo wake haikatai.

Uwe mkweli kuhusu umeme unaookolewa. Kwenye pampu za aina ya kuzungusha maji na feni, kupunguza mwendo hadi asilimia 80 kunashusha nguvu inayoliwa hadi karibu nusu, na hiyo ni hoja nzuri ya kuuza invata. Kwenye ekspela, mashine ya kusaga au konveya haiko hivyo, mzigo hauachii kwa kiasi hicho. Wapo wanaouza invata kwa kila mtu kwa hoja ya luku kupungua. Mteja wa kinu akipata bili ile ile mwezi wa pili, jina lako limekwisha sokoni. Kwa wateja wakubwa wanaolipa TANESCO kwa kilovolti-ampia, pima kipengele cha nguvu (power factor), kapasita zinaweza kuwapunguzia gharama, ila usizifunge kamwe upande wa kutokea wa invata.

Malipo: asilimia 60 kabla ya kununua chochote, 30 mashine inapofanya kazi mbele ya mteja, 10 baada ya siku 30. Andika kwenye karatasi na msaini wote wawili, hata kama ni mjomba wako. Kampuni ikikulipa itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma: usikubali kuondoka bila cheti chake, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa na utaihitaji kwenye ritani. Toa risiti ya EFD kila mara. VAT itakuhusu mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, ukianza kusogelea hapo tafuta mhasibu mapema.

Hatua ya 7: Makabidhiano

Kazi haijaisha mashine inapozunguka. Mwachie mteja bahasha ndani ya mlango wa paneli yenye mchoro wa saketi, orodha ya vifaa na namba zake, viwango ulivyoweka kwenye ovaloudi na invata, na flashi yenye programu. Kila waya uwe na namba pande zote mbili, na namba hiyo iwe ile ya kwenye mchoro. Nakala ya pili iwe kwako, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta yangu iliwahi kuibiwa ndani ya basi, na wateja watatu waliokoka kwa sababu ya nakala zile.

Kuna mafundi wanaofunga programu kwa nywila ili mteja asiweze kumwita mtu mwingine. Najua kwa nini wanafanya hivyo, soko ni gumu. Lakini nimeitwa kwenye kiwanda ambacho fundi wa aina hiyo alikuwa amehamia nje ya nchi, simu haipatikani, na hakukuwa na njia isipokuwa kuandika programu nzima upya huku uzalishaji umesimama siku sita. Mwenye kiwanda yule hatamwamini tena fundi yeyote, akiwemo aliye mwaminifu. Mpe mteja programu yake. Atakuita wewe kwa sababu unaujua mtambo wake, si kwa sababu umemshika.

Mfundishe mwendesha mashine, si mwenye kinu peke yake. Kaa naye nusu siku. Mwambie kila ujumbe wa hitilafu unamaanisha nini na aanze kuangalia wapi, na uandike kwa Kiswahili kwenye skrini: "Ekspela imezidiwa, skrubu imesimama, subiri ijisafishe." Nilibadilisha ujumbe huo kutoka Kiingereza kwenye kinu kimoja na simu za usiku zikapungua wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Mkataba wa matunzo

Kazi za kufunga huja na kupotea, matunzo ndiyo yanayolipa ada ya shule. Ukishamaliza vinu vitano au sita, mpe kila mteja mkataba wa mwaka wenye ziara mbili na bei maalumu ya dharura. Kijana wa kukusaidia mchukue wakati huo, si kabla, na umlipe kwa siku mpaka mikataba ifike ya kumlipa mwezi.

Kwa alizeti ziara kubwa ni mwezi wa tatu, magunia hayajaanza kuingia. Nenda na blowa na brashi. Toa vumbi kwenye paneli yote, ukianzia kwenye feni ya invata, maana vumbi la alizeti lina mafuta na linaganda. Kaza terminali zote, zinalegea kwa joto na mtikisiko. Pima mota kwa megga ukiwa umechomoa nyaya zake kwenye invata kwanza, ukisahau hilo utaua invata kwa mkono wako. Bonyeza kila kitufe cha dharura. Chomoa fezi moja uone rilei inakata. Chukua nakala mpya ya programu, kisha andika tarehe na saini yako kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa paneli, chini ya ile ya mwaka jana.